Vijiti vya Kamanda Luan

Kijiji kizima kilijua Kamanda Luan Shoutian amekufa. Mkewe, Qiaozhen, alimlilia kisimani mpaka sauti ikakauka, na wanawake wakamrudisha nyumbani huku wakibishana kama kilichomuua ni risasi au baridi. Kumbe Luan yuko kwenye shimo la kabichi, chini ya sakafu ya jikoni, paja linaoza kwa risasi ya Wajapani, bastola mkononi, akingoja wapiganaji wake washuke kutoka msituni kumchukua.

Mchana wa mkesha wa mwaka mpya, mama yake, Bi Luan, aliandaa meza. Alijaza mtama bakuli la mwanawe, juu yake akaweka kipande pekee cha nyama, na vijiti vya kulia akavilaza kando.

“Mama, visimamishe ndani ya chakula,” Qiaozhen alinong'ona. “Vya marehemu husimama. Ukivilaza, unamngoja mtu aje ale.”

“Nimchurie mwanangu kifo, siku kama ya leo? Wewe ndiye uliyemzaa?”

“Nakuomba, Mama. Yule polisi Pi anapita kila nyumba.”

“Pi! Makamasi yake nimeyafuta mimi.”

Hawajakaa sawa, Pi huyo mlangoni, ndani ya koti la polisi, na askari wawili wa Kijapani nyuma yake.

“Heri ya mwaka, shangazi! Leo mmenona!”

Kisha macho yake yakaangukia mezani, tabasamu likamtoka. Wajapani waliona bakuli tu. Pi alikuwa mtoto wa hapo hapo.

“Shangazi, hili la nani?”

“La Shoutian.”

“Aliyekufa?”

“Huyo huyo.”

“Basi simamisha vijiti, nijiondokee.”

Bi Luan alivichukua. Alikuwa amemdanganya mkuu wa kijiji na majirani wote bila kupepesa jicho. Sasa mkono ulifika juu ya mtama ukagoma. Qiaozhen hakuweza kuvumilia. Alimpokonya, akavichomeka mwenyewe.

“Vitoe!” kikongwe alipiga ukelele. “Utamuua!”

Pi alifumba macho. Askari mmoja akamuuliza bibi anasema nini. Pi akamtafsiria.

Askari wakaanza kupekua nyumba. Hawajafika jikoni, bastola ya Luan ikalia mara moja chini ya sakafu.

“Umeona?” Bi Luan alimwambia mkwewe. “Si nilikwambia? Umemuua.”