Jumamosi ya Mwisho Magoma

Mwaka ule masika yalinyesha vizuri kuliko mwaka wowote tangu watu wahamishiwe kijijini, na ndio mwaka huohuo Simeo alipolitua jembe akasema halishiki tena. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, magugu yanataka kuyapita. Mkewe Serafina alidhani ni homa.

"Siumwi," Simeo alisema. "Dunia inakwisha, mke wangu. Unampalilia nani?"

Maneno hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya Jonathan, mhubiri kijana aliyeteremka kutoka milimani Usambara akiwa na Biblia iliyochakaa na sauti tamu ajabu. Hakuwa tapeli, hakuomba hata kuku. Alikuwa amesoma na kupiga hesabu mpaka akaamini mwenyewe, kwa moyo wote, kwamba Yesu atarudi Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano. Dalili kubwa, alisema, ni vijiji vya ujamaa. Si imeandikwa kwamba wateule watakusanywa kutoka pande zote? Na watu wa Magoma je, hawajakusanywa?

"Sisi tulikusanywa na lori la wilaya," Serafina alimjibu mbele ya watu, "na malaika mwenyewe alivaa kaptura ya kaki. Tena kinu changu alikiacha kulekule."

Watu walicheka, hata Jonathan akatabasamu. Simeo peke yake hakucheka.

Si kwamba Serafina hakuwa mtu wa dini. Kila Jumapili alikuwa kwenye kwaya, na sala zake hazikumpita. Ila alijiuliza jambo moja: ikiwa Yesu mwenyewe alisema saa hiyo haijui, Jonathan kaambiwa na nani?

Kilichomkera zaidi ni habari ya Hosiana, binti yao aliyeolewa na Isaka kule Masuguru, Korogwe mjini. Mimba yake ilikuwa imetimia. Mvua ilikuwa imekata barabara, basi likaacha kuja, na habari zikakatika nalo. Alipomwuliza mumewe kama hana wasiwasi na mtoto, Simeo alijibu kwa upole, "Tutakutana naye mawinguni." Serafina alitoka nje haraka asije akamtupia mwiko.

Akaingia shambani na jirani yake Mashavu, mama wa Kizigua aliyehamishiwa kijijini msimu mmoja naye. Walipalilia kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

"Mama Hosiana," Mashavu aliuliza, "na sisi Waislamu hiyo Jumamosi tunakwenda wapi?"

"Jonathan anasema motoni."

"Haya. Basi tumalize tuta hili kwanza."

Wakacheka mpaka wakaegemea majembe.

Jumamosi ikafika. Asubuhi na mapema waumini walipanda kilima kilicho nyuma ya kijiji, wamevaa nguo nyeupe, wanaimba, hawajatia kitu tumboni. Simeo alikuwa na vidonda vya tumbo vya miaka mingi, na mkewe alijua kwamba mfungo ule utamwangusha. Alijaribu kumpuuza. Jua lilipogeuka, moyo ukamshinda. Akatia uji kwenye kibuyu, akapanda.

Aliwakuta wameketi kwenye nyasi zilizolowa, nyimbo zimekwisha, kila mtu anatazama upande wake wa mbingu. Simeo alikuwa amejikunja, mkono tumboni.

"Kunywa kidogo," Serafina alimnong'oneza.

"Nitapokewaje na uji mdomoni?"

"Aliyelisha watu samaki na mikate atakasirikia uji?"

Kabla Simeo hajajibu, sauti ikapaa kutoka bondeni: nene, ndefu, ya shaba. Ikanyamaza. Ikapaa tena.

"Tarumbeta!" mtu alipiga yowe. Watu wakaanguka kifudifudi. Bibi mmoja akaanza kuungama kwa sauti mambo ambayo jirani zake walifurahi sana kuyasikia. Simeo alipiga magoti, machozi yakimtoka, akamshika mkewe mkono kwa nguvu.

Serafina alitega sikio. Kisha akasimama, kanga ikimponyoka begani.

"Simeo, ni basi! Barabara imefunguka. Basi la Korogwe hilo!"

Huko chini basi lilikuwa linakuja limejaa matope mpaka madirishani, dereva anapiga honi kwa raha ya kufika. Likasimama. Akashuka mwanamume, kisha akashuka mwanamke taratibu, amekumbatia kitu kilichofungwa ndani ya kitenge.

Simeo aliitazama mbingu. Akatazama bonde. Kisha akakamata kibuyu, akapiga mafunda matatu makubwa, akashuka kilima mbio kama mbuzi aliyeona chumvi, shati jeupe likipepea nyuma.

"Shikamoo, baba," Hosiana alisema.

"Marahaba, marahaba! Ni nani huyu?"

"Ni mjukuu wako, baba. Wa kike. Mbona umevaa kama bwana harusi?"

Simeo alinyoosha mikono. Alimpokea mtoto akamwekea kidole kiganjani, na mtoto akakikamata. Nyuma yake waumini walianza kuteremka mmoja mmoja, wakimzunguka kumwona mgeni.

Jonathan alishuka wa mwisho, macho mekundu. Mashavu ndiye aliyemkaribisha kwenye ugali na kunde. Alikula, kisha akamwambia Serafina, "Mama, nimekosea hesabu mahali fulani. Nitazipiga upya."

"Zipige, mwanangu. Lakini Jumatatu njoo na jembe."

Alikuja. Alikuwa mpaliliaji hodari kuliko alivyokuwa nabii, na Simeo, aliyekuwa na deni la palizi nzima, alishukuru kuwa naye. Wapita njia waliwatania bila huruma, nao wakajifunza kutaniwa.

Jioni moja wakipukuchua kunde, Simeo alimwuliza mkewe, "Kweli hukuogopa hata kidogo?"

Serafina alifikiri. "Asubuhi ile, kabla sijapika uji, radi ilipiga upande wa Mashewa. Nikaangalia juu."

"Ukafanya nini?"

"Nikatazama kama kanga yangu ni safi."