Chapa Begani mwa Zimwi

Saa nne asubuhi, Agosti 1979, zimwi la filamu liliteremka mlima karibu na Oldonyiro likiwa limevaa akala, viatu vya matairi. Lokaale na wachungaji wenzake walikuwa wameajiriwa kulikimbia. Wenzake wakatimua mbio. Yeye akasimama, kwani begani mwa zimwi, kwenye ngozi iliyoshonwa juu ya gunia, aliona chapa aliyomchoma mwenyewe maksai wake wa kuimbiwa, kipenzi aliyemtungia nyimbo, aliyepotea miezi minane iliyopita.

"Mzee, kimbia! Litakula!" mwelekezi wa filamu akafoka.

"Hii haili mtu. Hii ni maksai yangu."

Erot, kijana mwigizaji aliyekuwa ndani ya zimwi, akavua kichwa. "Ngozi ilinunuliwa sokoni, baba."

Lokaale akaigusa chapa, akamwita maksai kwa jina lake, kisha akateremka nyumbani kwake manyattani kuwaambia wanawe waache kumtafuta.