Bolti Mpya ya Nyamweya

Mwanangu Nyamweya aliniita kutoka ndani ya nyumba yake, na kwa sauti ile nilijua hajaniitia chai.

"Tata! Kuja dirishani. Usipite mbele ya mlango!"

Kwetu Kisii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Chumba cha kulala ndiyo kabisa, hata kukichungulia ni aibu. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Nyumba ile nilisaidia kuchimba msingi wake, hapa Manga, lakini tangu alipomleta mkewe Lavender sijui hata meza iko wapi. Basi nikasimama chini ya dirisha, uso nimeuelekeza kwa migomba.

"Kuna nini?"

"Bunduki imeshika, Tata. Risasi mbili zimeingiliana."

Nyamweya analinda ng'ombe kwa ranchi moja kule Laikipia, na bunduki ana leseni yake. Alikuja likizo Jumanne, Jumatano aipeleke polisi wamtunzie. Usiku wa Jumanne hiyohiyo pikipiki ikamwangusha kwenye mteremko, akafungwa plasta kutoka paja hadi kisigino. Sasa alikuwa amelala chali kitandani, bunduki juu ya tumbo.

"Mdomo unaangalia wapi?"

"Mlangoni."

"Geuza."

"Nigeuzie wapi? Huku Lavender na mtoto wamebanwa kwenye kona. Huko ni wewe."

"Basi inua juu, pole pole."

"Siwezi, Tata. Hata kupumua naogopa."

Nikamwuliza alikuwa anafanya nini. Akasema alikuwa ameitia mafuta, akataka kuona kama bolti, lile komeo la kusukumia risasi, inaenda laini.

"Na risasi za kweli?"

"Mbili tu. Nilisukuma nusu, nikaghairi, nikarudisha. Nikasukuma tena, ikakataa. Nikaipiga na kiganja."

"Mjinga wewe!"

"Si ni wewe ulinifundisha? Ukighairi, rudisha tu, itarudi na risasi yake."

Kweli nilimfundisha, tangu akiwa mdogo. Lakini nilikuwa nikisema juu ya bunduki niliyowabebea wawindaji hadi uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka wa sabini na saba, na kazi hiyo nikaifuata hadi Tanzania. Ile ilikuwa na ukucha mrefu wa chuma ubavuni mwa bolti. Risasi ikipanda tu kutoka magazini, ukucha umeshaidaka ukingoni, kama mama anavyochuma majani ya chai. Sukuma nusu, rudisha, inarudi nayo.

Hii ya Nyamweya imeandikwa jina lilelile. Mti uleule, umbo lilelile. Alipoileta mara ya kwanza niliishika bila kuifungua, nikasema mbele ya watu, "Hii ni ileile yangu." Hakuna aliyeniuliza. Kumbe ndani watengenezaji walibadilisha. Ukucha wa mpya ni mdogo kama wa mtoto, na haung'ati mpaka uisukume bolti hadi mwisho na kulaza mkono wake. Bolti yake ilirudi peke yake, risasi ya kwanza ikabaki kwenye chemba, tundu la nyuma ya mtutu. Halafu ncha ya risasi ya pili ikaenda kuchoma fataki ya ile ya kwanza, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, na yeye akaongeza kiganja.

Nikageuka kuangalia mlango. Nimelala porini na simba wakinguruma, lakini kizingiti kile kilinishinda.

"Tata," Lavender akaita kutoka kwenye kona, "chinsoni haijawahi kuzuia risasi. Ingia."

Nikaingia kwa magoti, kichwa chini, nisifikie usawa wa mdomo wa bunduki. Nikapita viti nisivyovijua. Chumbani nikaona kitanda chao, nikaona nguo za Lavender zimetundikwa. Macho hayakuwa na pa kwenda. Nikashika bunduki, nikaielekeza darini, nikarudisha bolti kidogo. Risasi ya pili ikalegea, nikaitoa kwa vidole. Iliyobaki ilikuwa imezama kwenye chemba, kitako chake kikiniangalia. Fataki ilikuwa na kishimo.

Nikaanza kusukuma bolti.

"Tata, usifunge! Unaifungia nini?"

"Hii yako haishiki mpaka uifunge. Toa kidole karibu na kifyatulio."

Nikalaza mkono wa bolti. Ukucha ukalia, tak. Nikangoja. Nikauinua, nikavuta, risasi ikaruka na kuanguka kwenye blanketi.

Nyamweya akaanza kulia kama mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala.

Nikasimama. Hapo ndipo nikaona tumenaswa tena. Chumba ni kidogo. Lavender hawezi kutoka bila kunipita, na mke wa mwana hampiti baba mkwe hivyo, nguo kwa nguo. Mimi nami sikuweza kutoka nikawaacha na ile bunduki kabla sijahakikisha iko tupu.

"Tata, nikae?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Pita."

Nikageuza uso, nikaubandika ukutani hadi pua ikanusa rangi. Nikasikia leso yake ikiburura, halafu mlango.

"Sasa tutafanyaje?" Nyamweya akauliza.

"Bunduki inaenda polisi leo, pamoja na risasi zake. Na mimi naenda kwa ndugu zangu, niwaambie mwenyewe nilipoingia kabla hawajaambiwa."

"Watadai mbuzi wa kukutakasa."

"Wadai," nikasema, bado nikiangalia ukuta.