Kiti cha Saba Kwenda Kadutu

Balagizi mwenyewe anakubali, tena bila kushikiwa fimbo, kwamba siku ile mjinga alikuwa yeye. Fomu ilimuuliza swali dogo la pembeni, swali ambalo mtu yeyote mwenye akili zake angelijibu "hapana" na kwenda zake kunywa chai. Je, katika miezi mitatu iliyopita umekutana ana kwa ana na mgonjwa unayetaka kwenda kumwona? Balagizi akaandika: Ndiyo. Mara tano. Kila Jumanne, saa kumi jioni.

Ilikuwa Agosti ya 2021. Sydney ya magharibi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, helikopta ya polisi ilikuwa ikizunguka juu ya nyua za watu, na mkazi wa Rooty Hill hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka mlangoni kwake asipokuwa na kibali cha kazi. Balagizi alikuwa nacho. Alifanya kazi kwenye ghala moja huko St Marys, ambako mashine ya kupaa ilikuwa imehifadhiwa. Ilinunuliwa kwa ajili ya bustani ya burudani, bustani haikufunguliwa, na mashine ikabaki ghalani ikingoja dunia ipone.

Ilikuwa na viti kumi juu ya jukwaa, na jukwaa lilikuwa juu ya miguu sita ya chuma, kila mguu na mota yake. Mbele yake kulikuwa na skrini iliyopinda kama bakuli lililolazwa ubavu, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa. Kulikuwa pia na feni za upepo, vibomba vya kunyunyiza ukungu, na kikopo cha harufu ya mikaratusi.

Fundi wake alikuwa Maxwell, Mkenya wa Meru, ambaye alimweleza Balagizi siku ya kwanza siri yote ya biashara hiyo.

"Maze, hiki kiti hakiendi mahali," alisema. "Kinapanda nusu mita, basi. Picha ikikimbia mbele, kiti kinakulaza nyuma kidogo, pole pole, na mwili wako unasema, ala, tumeshika kasi. Halafu kinakurudisha bila wewe kusikia. Picha na kiti vikipishana hata kidogo, watu wanatapika. Vikienda pamoja, mtu anajidanganya mwenyewe. Sisi tunamsaidia tu."

Mashine ya aina hiyo haipendi kulala. Kila wiki ilibidi iendeshwe filamu nzima, dakika nne na sekunde ishirini, ikiwa na uzito juu yake. Mifuko ya mchanga ilikuwa imebaki Queensland, ng'ambo ya mpaka uliofungwa, na Balagizi alikuwa na kilo tisini na nne. Maxwell akampa kiti cha saba, kilicho karibu na katikati, akamfungia mkanda.

Jumanne mbili za kwanza Balagizi alipaa juu ya milima ya Blue Mountains, akanyunyiziwa ukungu, akanusa mikaratusi, akashuka. Jumanne ya tatu, mahali ambapo filamu huvuka bahari, maji yalikuwa ya Ziwa Kivu. Upepo ulikuja na harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa hilo, wa kukaangwa. Kiti kikainama mbele, kikashuka juu ya mabati ya Kadutu, mtaa wa Bukavu alikozaliwa, kikamtua uani kwa mama yake, Chibalonza, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharagwe. Huko ilikuwa saa mbili asubuhi, kama inavyopaswa kuwa.

"Umekonda," mama yake akamwambia.

"Ni hii kiti, mama. Inanibana."

Aliposhuka, buti zake za kazi zilikuwa na udongo mwekundu. Maxwell akaandika kwenye daftari la ukaguzi: miguu yote sita mizima, matope jukwaani, yasafishwe. Kesho yake alijaribu kiti cha saba yeye mwenyewe, akaona Blue Mountains tu. Hakushangaa. Mama yake alikuwa akiishi naye Penrith, chumba cha pili.

Shida ilikuwa muda. Kwenda kulichukua dakika moja na nusu, kurudi vivyo hivyo, na kilichobaki kilikuwa dakika moja na sekunde ishirini. Sasa, mtu wa Bukavu hafiki nyumbani baada ya miaka kumi na mitatu akaanza tu kuuliza maswali. Kwanza kuna salamu. Kuna habari za Honorine, mkewe, halafu za watoto mmoja mmoja, halafu za kanisa. Kuna Léonie, jirani, aliyeinuka kila mara kuombea safari, na Léonie hakujua sala ya chini ya sekunde arobaini. Jumanne ya nne Balagizi alijaribu kumnong'oneza afupishe. Léonie alifumba macho zaidi, akaongeza mstari wa kuwaombea wenye haraka.

Dawa alifaulu kuzipeleka. Alizibana mapajani, zikafika. Kumleta mama yake haikuwezekana: mashine haikubali kufunga mkanda wa kiti ambacho hakikuanza safari na mtu, na Chibalonza alisema hata hivyo hana nguo ya baridi.

Naye alikuwa anaumwa kweli. Moyo ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na usiku alilala ameketi. Alihitaji mtu wa kumwogesha, kumgeuza, kumsimulia habari. Mwana alikuwa mmoja, Balagizi, na mwana huyo alikuwa katika nchi ambayo wakati ule ilizuia watu wake kutoka kama ilivyozuia wengine kuingia. Ili utoke uliomba ruhusa. Balagizi alikuwa ameomba mara tatu. Mara tatu akajibiwa kwamba sababu zake zimepokelewa kwa huruma, lakini hazitoshi.

Ndipo ikaja fomu ya nne, na swali lile.

Bénie, binti yake wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekuwa akichapa. Alisimamisha vidole.

"Papa, don't," alisema.

"Andika."

"Papa, nobody's gonna check."

"Andika, nimesema."

Mtu asimcheke haraka. Balagizi alikaa kambi ya wakimbizi miaka tisa, na kambini aliwahi kuhojiwa mara sita kuhusu siku moja, ile iliyomkimbiza kwao. Alijifunza kwamba ukweli ni ule usiobadilika: watu wangapi, mlango upi, saa ngapi. Jirani yake Kalume, kwenye usaili wa kwanza, alisema wavamizi walimchukulia mbuzi wawili; kwenye usaili wa nne, kwa kuwa alikuwa amemkumbuka mmoja mdogo, akasema watatu. Kalume bado yuko kambini hadi leo. Tangu hapo Balagizi hakuachia fomu mbuzi hata mmoja. Aliyaandika yote, na kwa kujituma akaongeza namba ya kiti.

Alhamisi akapigiwa simu na mama mmoja wa ofisi ya ruhusa. Sauti yake ilikuwa ya upole, na nyuma yake mtoto alikuwa akililia biskuti, maana naye alikuwa akifanyia kazi nyumbani. Hakuuliza kiti kiliwezaje kufika Bukavu. Aliuliza kama mkanda ulikuwa umefungwa muda wote.

"Muda wote," Balagizi akasema.

"Kwa hiyo hukutoka nchini bila ruhusa."

"Sikutoka."

"Vizuri. Lakini mama yako umemwona."

"Nimemwona."

"Ulimshika mkono?"

"Nilimshika."

Kibodi ikalia kidogo. "Basi haja ya kumwona mgonjwa imeshatimizwa, bwana. Hatuwezi kukupa ruhusa ya kutoka kwa ajili ya jambo unalolipata bila kutoka."

Balagizi akaeleza kwamba ni dakika moja na sekunde ishirini, na nusu yake ni sala. Yule mama akasema anaelewa sana, ila fomu haina mahali pa dakika. Balagizi akasema basi alifute lile jibu, ile haikuwa ziara, ilikuwa picha na kiti tu, hata fundi anasema mtu hujidanganya mwenyewe.

"Kama haikuwa ziara," yule mama akasema polepole, bila ubaya wowote, "ulitoa maelezo ya uongo, na itabidi niyaweke kwenye faili lako. Niandike ipi?"

Kusikia uongo na faili katika pumzi moja kulimkumbusha Kalume na mbuzi wake wa tatu. Nyuma ya simu yule mtoto akapewa biskuti, akanyamaza.

"Ni ziara," Balagizi akasema.

Honorine alirudi jioni kutoka zamu ya kuwahudumia wazee, uso ukiwa na alama ya barakoa, akasimuliwa. Aliketi, akavua viatu.

"Siku uliyoniposa uliniambia una gari," alisema. "Ule uongo uliutoa wapi, baba Bénie, na mbona umekuishia wakati wa maana?"

Kisha akaenda bafuni kulia, akitumia bomba la maji kuficha sauti.

Jumanne iliyofuata Maxwell alimkagua mkanda mara mbili. Alikuwa ameshasikia.

"Buda, nikuambie tu ujue," alisema. "Ukifungua huu mkanda, mashine inasimama palepale. Na wewe unabaki palepale ulipo. Sitaweza kuirudisha."

"Nimesikia."

"Sijasema ufanye. Wala sijasema usifanye."

Mashine ikalia, milima ikaja, ziwa likaja. Uani hapakuwa na mtu. Mkeka ulikuwa umekunjwa. Kiti kikaingia kwa mlango wa mbele, kikiinama kushoto kwa sababu mlango ule ni mwembamba, kikasimama kando ya kitanda. Chibalonza alikuwa ameegemezwa mito mitatu, midomo imebadilika rangi. Léonie alikuwa miguuni. Alimtazama Balagizi, akasema "Amina" peke yake, bila sala mbele yake, akatoka nje.

Kwa hiyo safari hii muda ulikuwapo. Balagizi akaushika mkono wa mama yake. Ulikuwa baridi na mwepesi.

"Fungua ile mukanda, mutoto wangu," mama akasema. "Ukae."

"Siwezi, mama. Nikiifungua, mashine inasimama, mi nabaki huku."

"Si ndiyo kukaa?"

"Hawatakubali nirudi. Honorine iko kule na batoto. Sina hata pasipoti mufukoni."

"Na ile ruhusa uliomba?"

"Wamekatala. Wanasema nimeshakuona."

Mama akafikiri juu ya hilo. Pumzi ilimjia kwa vipande.

"Mi sijakuona," alisema. "Nimekuchungulia."

"Nitaandika tena, mama. Nitawaeleza muzuri, nitaandika moyo, nitaandika miguu, nitaandika namna unalala ukiketi. Nitawaambia sababu ziko za kutosha."

Mkanda ukajikaza kifuani, kama ufanyavyo zinapobaki sekunde kumi. Vidole vya Balagizi vilikuwa juu ya kifungo, vikabaki hapo hapo juu yake. Chibalonza aliviona. Akautoa mkono wake mkononi mwa mwanawe, akaurudisha chini ya blanketi.

"Basi waandikie nimekufa," akasema, "tuone kama ile itawatosha."