Barua Ndani ya Soksi

Mguu wa kushoto wa Peris ulikuwa umevimba tangu Jumapili, na kiatu cha kazini hakikuingia tena. Alifika kliniki ya Sulimaniyah, Riyadh, kwa kandambili na soksi ndefu. Ndani ya soksi alikuwa ameficha barua ya daktari wake wa Nairobi.

Barua ilieleza kwamba Peris ni mwanamke aliyeandikwa mvulana alipozaliwa. Ilitaja homoni zake na vipimo vya damu vya kila miezi mitatu. "Ukiugua, mpe daktari yeyote," daktari huyo alimwambia alipompa. "Na vidonge vya kupanga uzazi usiviguse. Vinaweza kukugandishia damu."

Lakini homoni zilichukuliwa uwanja wa ndege alipowasili, na ikama, kibali chake cha ukaazi, ilisema Japheth, mwanamume, mwosha vyombo. Aliyemhurumia ni Roselyne, mfanyakazi wa nyumbani kule Aziziya, Jeddah. Kila mwezi alinunua vidonge vya kupanga uzazi, akimwambia muuza dawa ni vya madam, akavituma ndani ya pakiti ya majani ya chai. Peris alimeza vinne kwa siku. Hakuwa na dawa nyingine.

Alitumaini kumwona daktari peke yake. Haidar, msimamizi wa kafili, yaani tajiri wa mgahawa aliyemdhamini Peris, akaingia naye. Wazee wa Haidar walitoka Unguja. Ndiye aliyewatafsiria Wakenya wote.

"Usiogope, Japheth. Mie n'tasema, we kaa tu," alisema, akamvutia kiti. Daktari akauliza. "Anataka kujua unameza dawa gani."

"Bosi, naomba uningoje nje kidogo."

"Nje?" Haidar alicheka. "Una siri gani ya kumficha kafili? Mwaka jana kuna mmoja alikuwa na siri. Polisi walimchukulia hapo mlangoni. Haya, dawa gani?"

Peris alimtazama daktari. "Mafi," alisema. "Hakuna."

Nesi alipiga magoti, akashika kisigino chake polepole, kama cha mtoto aliyelala. Akaanza kuvuta soksi.

Peris akaikamata kwa mikono miwili. "Hapana, sista. Tafadhali."

"Ana haya huyu," Haidar akamwambia daktari kwa Kiarabu. "Anasimama mno jikoni, basi."

Daktari aliandika dawa ya maumivu na siku mbili za kupumzika.

"Moja, ya leo tu," alisema Haidar. "Kesho Ijumaa, wateja wanajaa."

Garini alimnunulia juisi ya embe, akamfungulia mwenyewe. Peris alikunywa, akakohoa, akashika kifua.

"Yalla, taratibu," Haidar alisema. "Hakuna anayekukimbiza."

Soksi ilizidi kubana. Pembe za barua zilikuwa zimeshazama kwenye nyama.