Kwa Waliomaliza

"Usicheke, nitakukata," Kinyozi alisema, na Fundi Saa akazidi kucheka.

Povu lilimjaa mpaka masikioni. Shavu la kushoto lilikuwa limekwisha kuwa safi kama sahani iliyorambwa. La kulia lilingoja zamu yake. Leo Fundi Saa alikuwa anaitwa mbele ya jopo, na Kinyozi alikuwa ameapa kumtoa kitini akiwa bwana harusi.

"Ehe, yule jirani yako na mume wake wa pili?"

"Wa tatu, ndugu yangu. Wa pili kahamia kwa mama mkwe, wanapikiana."

"Nikitoka nakuja kukaa kibarazani kwako nimwone kwa macho yangu."

"Karibu. Ila kiti uje nacho."

Hakuwa anatania. Nyumbani kwake mama mkwe, shemeji wawili na watoto watano walikula kwa zamu kwa kukosa pa kukaa, na Kinyozi hakujua muziki mtamu kuliko zile kelele. Umbea wa mtaa mzima aliubeba kila asubuhi pamoja na sanduku lake la kazi, akaupeleka gerezani, banda la mwisho, lile ambalo askari waliliita kwa Waliomaliza.

Jina lenyewe lilikuwa kejeli. Wanaume tisa waliolala humo walikuwa wamemaliza vifungo vyao, siku baada ya siku, ila mahakama ilisema ni watu wa hatari, wasitoke. Kila mwaka jopo la watu watatu lilikuja, likauliza, likaongeza mwaka. Daktari wa akili aliwaona siku hiyohiyo, dakika kumi kwa kila kichwa, kisha wakaachiwa vidonge vya jioni vilivyowafanya waongee kama watu wenye ulimi wa kuazima. Fundi Saa aliua watu wawili kwa mikono mitupu. Alifungwa miaka kumi na minane, akaimaliza. Huu ulikuwa mwaka wake wa sita wa kumaliza. Na katika miaka yote hiyo, mkono pekee uliomgusa bila pingu ulikuwa huu wenye brashi.

Mashine ya kunyolea ilikufa zamani, ombi la mpya lilikuwa bado linasafiri ofisini. Kwa hiyo ulitumika wembe wa kukunja, na sheria ya banda ilikuwa moja: wembe ufungwe kwa kamba kwenye kifundo cha mkono wa kinyozi. Siku za kawaida aliifunga. Siku ya jopo, hapana. Kamba ililowa, ikamburura mtu midomoni, na Kinyozi aliona haya. "Mtu anakwenda kuomba uhuru wake, mimi nimnyoe kwa kamba kama namchunga mbuzi?" Sajini wa zamu aliliona hilo kila mara, na kila mara akageukia ukuta.

Mlango wa chuma ukafunguliwa. Aliingia Nyundo, jitu lenye sauti ya mtoto, karudi kutoka kwenye jopo hilohilo. Askari alimvua pingu kizingitini, kama kawaida.

"Wameongeza," Nyundo alisema. "Wameongeza tena."

"Pole, kaka." Kinyozi aligeuka kumpa pole vizuri, uso kwa uso, na katika kugeuka akaulaza wembe juu ya taulo.

Nyundo hakukimbia. Alikuja kama mtu anayefuata chumvi mezani, akauchukua wembe. Kinyozi alihisi baridi kutoka sikioni mpaka tayani, halafu joto, halafu shati lililolowa. Nywele zake zilikuwa ngumini mwa Nyundo, shingo imepindwa nyuma, na makali yalikuwa yanatafuta mahali laini. Sajini alipuliza filimbi. Alipuliza, asisogee.

Fundi Saa aliinuka na povu lake. Aliushika ule mkono wenye wembe, akauzungusha, na mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Wembe ukaanguka, Sajini akaukanyaga kwa buti. Nyundo alikuwa chini, anamwita mama yake.

Hapo ndipo mambo yangekwisha. Fundi Saa akamkalia kifuani.

Alipiga bila hasira. Ngumi moja, anaangalia ilipotua, anasogeza kidogo, nyingine. Pua ilikwenda, meno yakafuata, sakafu ikatapakaa.

"Acha," Kinyozi alisema, kiganja kimebana shavu. Ngumi. "Basi, inatosha." Ngumi. "Utamuua, we!" Ngumi. Akatambaa mpaka karibu, akamwita kwa jina alilopewa na mama yake, ambalo humo ndani halikutumika. Ngumi ikabaki hewani. Fundi Saa akaitazama kama kitu alichokiokota.

Jopo liliwasikiliza mchana huohuo. Kinyozi alikwishashonwa nyuzi kumi na moja. Ukumbini Sajini alimshika bega.

"Sema alikuokoa, ukomee hapo. Na kamba tusiitaje. Si kila ukweli unavuliwa nguo hadharani, mzee."

Fundi Saa alikaa na pingu, povu limemkaukia shavuni kama chokaa.

"Alikuokoa?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo. Bila yeye mngekuwa mnanizika."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa kuridhika, akashika kalamu. Daktari wa akili, mama mwenye miwani shingoni, ndiye aliyeinua mkono.

"Ulipomwambia aache, aliacha?"

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Ndiyo. Mtu mwenye maneno mengi kama yeye angelitema bila kutafuna, na Fundi Saa angeuona mtaa. Kinyozi alikiona kibaraza chake, watoto wakigombea ngazi, na kati yao mgeni huyu, mkarimu, mcheshi. Akaiona na ile ngumi inavyosogezwa kidogo.

"Mara ya nne," alisema. "Na wembe sikuufunga kamba. Hilo ni langu."

Fundi Saa hakugeuka.

Waliongeza mwaka. Kinyozi aliambiwa abebe sanduku lake, asirudi. Alipopita kwenye seli ya Fundi Saa alisimama, ingawa Sajini alikuwa nyuma yake na funguo.

"Mimi huyu," alisema kwenye kitundu cha chakula. "Kama una matusi, nipe."

Sauti ikatoka karibu kabisa na chuma.

"Ulisema mara nne."

"Nne."

"Hukuongeza chumvi?"

"Leo sikuongeza."

"Mimi nilisikia moja." Pumzi ilipita kitunduni. "Kinyozi, hizo tatu nilikuwa wapi?"

Kinyozi akaweka sanduku chini, akakaa sakafuni, bandeji ikimvuta uso mzima. Sajini alitikisa funguo, akangoja, akatikisa tena. Kutoka kitunduni vilitokeza vidole vinne vilivyovimba, vikashika ukingo wa chuma, vikatulia hapo.