Ukoko wa Tangi

Maji yanayovuja kutoka dampo ni meusi na yananuka mzoga. Tunayachemsha papo hapo ndani ya tangi kwa moshi wa moto unaotoka kwenye jenereta, hadi yakauke na kubaki ukoko. Ukoko huo husuguliwa na shemeji yangu, akiwa humo ndani. Dada yangu, mkewe, ndiye hufungulia moshi. Kwanza hugonga tangi kwa spana. Akijibiwa kwa kugongwa kutoka ndani, anangoja.

Leo dada alikuja kazini damu imemganda masikioni. Makofi ya mumewe yalikuwa yameyaziba yote mawili. Nilimrukia shemeji, nikampasua mdomo. Akanitandika sepetu ya uso, nikaanguka chali.

"Ya nyumbani kwangu hayakuhusu, bwege wewe! Nikitoka humu namalizana naye!" alifoka, akaingia tangini.

Dada, ambaye hakumwona akiingia, akatokea upande wa jenereta, akagonga. Tangi likajibu kwa kishindo, likajibu tena, na matusi juu.

Dada akanitazama usoni. "Amejibu?"

Nikatema jino, nikatikisa kichwa kukataa.

Akafungulia.